Risasi ndani ya Dawa ya Mtoto Mkimbizi

Katika mwaka wa 1983 matabibu wa mji wa St. Paul, jimbo la Minnesota nchini Marekani, walikuta katika damu ya baadhi ya watoto wa Kihmong madini ya risasi kwa kiasi cha kutia hofu. Na wazazi wa watoto hao walikuwa watu waliokimbia milima ya Laos baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1975, wakakaa katika makambi ya Thailand mpaka walipopewa makao mapya ng'ambo. Walipoulizwa, ilidhihiri kwamba mtoto akishikwa na homa au akitokwa na vipele hunyweshwa unga mwekundu wenye kuelekea rangi ya chungwa, uitwao pay-loo-ah, ambao wameurithi kwa wazee wao na kuuamini kama sisi tunavyouamini mwarobaini. Unga huo ulipopimwa ulikutwa na risasi ambayo katika baadhi ya vifurushi ilifikia sehemu 90 katika kila mia, na ndani yake mlikuwa na sumu ya aseniki vilevile.

Miaka 26 baadaye, yaani mwaka 2009, mambo yayo hayo yalizuka katika mji wa Fort Wayne, jimbo la Indiana, miongoni mwa watoto wa wakimbizi waliotoka Burma. Safari hii dawa iliyoshukiwa iliitwa daw tway, nayo ni dawa ya kutuliza tumbo na kusaidia usagaji wa chakula, itumikayo Burma na Thailand, na baadhi ya vipimo vyake vilionyesha risasi ya hata sehemu 970 katika kila sehemu milioni, na aseniki ya hata sehemu 7,100. Asiyezoea hesabu za namna hii huenda akaona kuwa 970 katika milioni ni kitu kidogo, hasa akikumbuka unga ule wa Wahmong. Lakini na azingatie kwamba serikali ya Marekani inashauri peremende zinazoliwa na watoto wadogo zisizidi sehemu moja ya kumi ya sehemu moja katika milioni, na hapo ndipo atakapofahamu kwamba dawa ile ilikuwa imekipita kipimo hicho karibu mara elfu kumi, ilhali mtoto hapewi dawa kwa hamu ya utamu ikaisha siku hiyo hiyo, bali hupewa kila tumbo linapomsumbua.

Na tumbo ndilo mlango wa msiba wenyewe. Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto kwa wingi, miongoni mwa dalili zake za mwanzo ni maumivu ya tumbo, kufunga choo, kukataa chakula, kulialia bila sababu na kukosa usingizi. Na dalili hizo ndizo hasa zinazomfanya mama au bibi anyanyue kile kifurushi cha dawa ya tumbo. Basi mtoto hupewa dawa kwa ajili ya chango, dawa ikazidisha chango, na chango kilichozidi kikawa ndiyo hoja ya kumpa tena. Hapana upumbavu katika jambo hili. Mtu yeyote mwenye akili timamu, asiye na chombo cha kupimia damu, angefanya vivyo hivyo, na angefanya kwa huruma. Na kwa kuwa hali ya mtoto hupanda na kushuka, siku atakayopata nafuu kidogo dawa ndiyo itakayoshukuriwa.

Inafaa tueleze kwa tuo namna risasi inavyofanya kazi yake, kwani wengi huidhani kuwa ni sumu ya kuua papo kwa papo, nayo aghalabu si hivyo. Mwili huichanganya na madini ya chokaa yanayojenga mifupa, ukaipokea kama mgeni wa heri; mtu mzima akiimeza hufyonza kama sehemu moja katika kumi, lakini mtoto mdogo aweza kufyonza hata nusu yake, na akiwa na upungufu wa madini ya chuma, au akiwa amelala njaa, hufyonza zaidi. Huko ndani huzuia utengenezaji wa damu, hudhuru figo, na zaidi ya yote huingia katika ubongo unaokua, ikapunguza uwezo wa kujifunza, wa kutulia na wa kusema. Katika damu hudumu mwezi mmoja hivi kabla ya kupungua nusu, lakini katika mifupa hukaa miaka mingi. Shirika la Afya Duniani limekwisha kutamka kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa ni salama. Na mamlaka ya afya ya Marekani, ambayo mwaka 1991 ilikuwa ikianza kutaharuki damu ya mtoto inapofikia mikrogramu 10 katika desilita moja, iliteremsha kiwango hicho hadi 5 mwaka 2012 na hadi 3.5 mwaka 2021. Maana yake ni kwamba mtoto aweza kuwa amekwisha kudhurika naye anacheza uani kama wenzake, wala hapana ishara usoni mwake itakayomtambulisha kwa mama wala kwa tabibu.

Sasa tuziangalie dawa zenyewe, maana hapa ndipo penye hukumu nyingi za haraka. Wako wanaosema kwamba dawa zote za kienyeji ni hatari, na wako wanaojibu kwamba kila kilichotoka kwa wazee ni salama kwa kuwa wazee waliishi. Na pande zote mbili zimekosa, kwa sababu zimechanganya vitu visivyo vya jinsi moja. Majani yaliyochumwa kondeni, mizizi iliyochemshwa, mbegu za habasoda, tangawizi na asali vyaweza kuwa na madhara yao, lakini aghalabu si vyanzo vya risasi. Hatari kubwa iko katika unga unaotokana na mawe na madini: mwekundu, wa manjano, wa chungwa, mweusi wenye kumetameta, nao mara nyingi ni mzito mkononi kuliko unga wa majani wa kiasi hicho. Huko Mexico, na kwa watu wake waliohamia Marekani, azarcón na greta ambazo hupewa watoto kwa kuvimbiwa ni oksidi za risasi hasa, wala si dawa iliyochafuka. Katika tiba ya Kihindi liko tawi liitwalo rasa shastra ambalo hutumia madini kwa kusudi, likiamini kwamba yakichomwa na kutayarishwa kwa kanuni zake sumu hutoka. Na wachunguzi walionunua dawa 70 za namna hiyo katika maduka ya mjini Boston na kandokando yake, wakachapisha matokeo yao mwaka 2004, walikuta risasi, zebaki au aseniki katika 14, yaani dawa moja katika kila tano.

Kwa hiyo ziko njia tatu ambazo sumu hupitia: madini huwa ndiyo dawa yenyewe, ama mfanyabiashara huongeza rangi ili bidhaa ing'ae na kuongezeka uzito, ama mtambo wa kusagia na udongo wa mahali huichafua bila ya mtu kukusudia. Njia ya pili naichukia kuliko zote, kwani huingia hata katika vitu vya jikoni. Bangladesh, manjano ilikuwa ikitiwa kromati ya risasi ili rangi yake ivutie macho ya mnunuzi, na wataalamu waliokuwa wakitafuta asili ya risasi katika damu za wajawazito walifuata nyayo mpaka wakafika katika viungo vya mchuzi. Na serikali ilipoamka mwaka 2019, ikawatoza faini wauzaji na kuwatangazia wananchi, uovu huo ulikoma katika muda usiofika miaka mitatu. Jambo hili ni la kutia moyo, maana laonyesha kwamba penye nia ya dola sumu hii hung'oka upesi.

Msomaji wa pwani asidhani kwamba habari hizi ni za Laos na Burma peke yake. Wanja tunaowatia watoto wetu machoni na katika nyusi, kwa uzuri na kwa kinga ya kijicho, ni wa namna mbili: uko wa masizi, unaotengenezwa nyumbani kwa moshi wa utambi na mafuta, ambao asili yake si madini hayo, na uko wanja wa manga, unaotoka katika jiwe lisagwalo. Jiwe linalosifiwa katika mapokeo ya dini ni ithmid, nalo hufasiriwa kuwa ni antimoni. Lakini jiwe la risasi lafanana nalo kwa weusi na kwa kumetameta, na wachunguzi waliopima wanja zilizouzwa katika masoko ya Oman katika miaka ya 1990 walikuta kwamba baadhi yake zilikuwa ni risasi iliyoungana na kiberiti. Mtoto hujipangusa macho kisha akatia kidole kinywani, na hiyo ndiyo njia yake. Huko huko Oman na katika nchi za Imarati pana unga uitwao bint al-dhahab, ambao ni oksidi ya risasi, uliokuwa ukipewa watoto wachanga kwa maumivu ya tumbo na kwa kuwatoa choo cha kwanza. Na Kuwait madaktari waliandika habari za watoto waliofukizwa moshi wa risasi iliyochomwa pamoja na kuni ili watulie. Mtu anayejua jinsi majahazi, ndoa na biashara vilivyounganisha Maskati na Unguja hatashangaa nikisema kwamba mambo haya yastahili kuulizwa katika nyumba za kwetu, bila ya kumtuhumu yeyote kabla ya kupima.

Nyongeza mbili nitazipitia kwa haraka. Udongo wa kula, ambao wajawazito wengi wa Dar es Salaam, Nairobi na Bujumbura huutamani, haujawa sumu kwa kuwa ni udongo, lakini chaki ya namna hiyo itokayo Afrika ya Magharibi imekutwa na risasi, na serikali za Uingereza na Marekani zimewatahadharisha wajawazito wasiile. Na mkorogo wa kujichubua ngozi mara nyingine huwa na zebaki, ambayo mtoto huipata kwa kubebwa, kwa taulo na kwa mto wa kulalia, ingawa yeye hakupakwa hata tone. Mkataba wa kimataifa wa Minamata juu ya zebaki, wa mwaka 2013, umezikataza bidhaa hizo, na wakuu wa afya wa Minnesota, ambako Wasomali na Wahmong ni wengi, wamekuwa wakiwahimiza akina mama wapimwe.

Lakini kwa nini mkimbizi, na si kila mhamiaji? Kwanza, kwa sababu ya njaa. Mtoto aliyekulia katika makambi ya Kakuma, Dadaab au Nyarugusu, ambako posho hupunguzwa kila fedha za wafadhili zinapopungua, na ambako mahindi na maharage ndiyo chakula cha mwezi mzima, mara nyingi hana madini ya chuma ya kutosha. Na tumekwisha kuona kwamba mwili usio na chuma huikumbatia risasi. Pili, ukimbizi hukata mnyororo wa ujuzi. Kijijini palikuwa na mganga aliyejulikana kwa jina na kwa ukoo, na mkunga aliyewazalisha wanawake wa mtaa mzima, na mtoto akidhurika kwa dawa yao wangeulizwa mbele ya wazee. Lakini kambini, na zaidi katika mji wa ugenini, unga hufika ndani ya sanduku la msafiri au katika duka dogo, umefungwa kwa karatasi isiyo na jina, na aliyeutengeneza hajulikani wala hawezi kuulizwa. Mama ameshika dawa ileile aliyoishika bibi yake, lakini dhamana iliyokuwa imeizunguka dawa hiyo imebaki nyuma pamoja na nyumba na makaburi. Tatu, viko vikwazo vya lugha na hofu: mama wa Kikongo aliyetoka Nyarugusu akafika Kentucky au Texas, mwenye Kiswahili, Kibembe na Kifaransa kidogo, huogopa kwamba akisema alichompa mtoto ataonekana mama mbaya, na pengine mtoto atachukuliwa. Hofu hiyo haikutoka hewani, kwani watu waliokwisha kuhojiwa na askari, na maafisa wa mipaka, na wahesabuji wa kambi, hujifunza kwamba kila swali lina mtego.

Hata hivyo, na hapa naomba nieleweke wazi, dawa ya kienyeji isifanywe mbuzi wa kafara. Mwaka 2000, katika mji wa Manchester, jimbo la New Hampshire, mtoto wa miaka miwili wa familia ya Kisudani, aliyeletwa kutoka Misri wiki chache tu kabla, alifariki damu yake ikiwa na risasi iliyokaribia mikrogramu 400 katika desilita. Na iliyomwua haikuwa dawa ya bibi yake, bali ilikuwa rangi kuukuu iliyobanduka katika nyumba ya kupanga waliyowekwa, katika nchi iliyokwisha kuipiga marufuku rangi hiyo majumbani tangu 1978 lakini haikuibandua katika kuta za maskini. Miaka michache baadaye, katika jimbo lilo hilo, watoto wengi wa wakimbizi kutoka Afrika waliokutwa na damu safi walipowasili walikutwa na damu chafu walipopimwa tena, ikawa hoja kwamba sumu waliipata ugenini. Na katika jimbo la Washington, watu wa afya waliowahudumia wakimbizi wa Kiafghani waligundua kwamba sufuria za aluminiamu na zile za kupikia kwa mvuke, ambazo akina mama walizibeba toka kwao au kuzinunua huko huko, zilikuwa zikitoa risasi ndani ya chakula, mpaka bunge la jimbo likatunga sheria mwaka 2024 ya kuzuia biashara ya vyombo hivyo. Mchunguzi anayeingia nyumbani, akaona kichupa cha dawa ya ajabu, akafurahi na kuondoka pasipo kutazama dirisha, sufuria, na kazi ya baba anayevunjavunja betri za magari, amemwacha mtoto katika hatari ileile, na zaidi ya hayo ameitukana familia.

Basi namna ya kuuliza ni nusu ya tiba. Katika chumba cha daktari swali la kawaida husomwa katika karatasi: je, mtoto anatumia dawa za kienyeji? Na jibu la kawaida ni hapana, nalo ni jibu la kweli kwa mama anayelitoa, kwa kuwa wanja kwake ni pambo, moshi ni kinga, udongo ni hamu ya mimba, na unga wa tumbo ni kitu cha nyumbani kama chumvi. Mkalimani mwenye adabu, aliyeanza kwa shikamoo ikiwa bibi yupo, aliyemwita mama kwa jina la mwanawe wa kwanza, na aliyeuliza, «Mama Neema, mtoto akilia usiku tumbo linamkata, kwenu huwa mnamfanyia nini?», atapata habari kamili kuliko ukurasa mzima wa maswali. Kisha aulize nani huitengeneza, ilinunuliwa wapi, rangi yake ipi, na kama imebaki hata chembe aombe iletwe, si kwa kunyang'anywa, bali ipimwe na majibu yarudishwe kwa mwenyewe. Mama aliyeonyeshwa kwa macho yake namba ya unga ule na namba ya damu ya mwanawe hahitaji kukaripiwa. Atautupa mwenyewe, na jioni hiyo hiyo atawapigia simu dada zake walioko Nyarugusu na Bukavu.

Kuhusu kupima, kanuni zinajulikana na zimeandikwa. Mamlaka ya afya ya Marekani hushauri kila mtoto mkimbizi wa umri usiozidi miaka 16 apimwe damu ndani ya siku 90 za kuwasili, na wadogo wa miaka sita na chini ya hapo wapimwe tena baada ya miezi mitatu hadi sita, pamoja na wajawazito na wanaonyonyesha. Tone la kidole latosha kwa kuanzia, ingawa likionyesha kiasi kikubwa ni lazima lithibitishwe kwa damu ya mshipa, maana kidole chenye vumbi hudanganya. Tiba ya kwanza ni kuiondoa asili ya sumu na kumlisha mtoto chuma, maziwa, mboga za majani na matunda. Na damu ikifikia mikrogramu 45, hapo hutumika dawa za kuikamata risasi na kuitoa kwa mkojo, kama vile succimer. Dawa hizo hazina faida kwa mtoto anayerudishwa katika nyumba yenye sumu ileile, wala hazirudishi akili iliyokwisha kupotea, na kwa sababu hiyo kila juma linalopita kabla ya kupima lina thamani yake.

Kinachonisikitisha ni kwamba kanuni hizi humngojea mtoto mpaka avuke bahari, na wanaovuka ni wachache mno. Walio wengi hubaki katika makambi ya Kigoma, Turkana na Garissa miaka kumi, ishirini, na wengine huzaliwa humo na kuzaa humo. Tanzania inayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza lililoundwa nayo la kusajili waganga na dawa zao. Nchi za eneo hili zinazo maabara za wakemia wa serikali, na vyombo vya mkononi vya mionzi vinavyoweza kuupima unga kwa dakika chache bila kuuharibu. Kinachokosekana ni kuvikutanisha vitu hivi na lango la kambi: kwamba mkunga wa jadi wa Nyarugusu, badala ya kufukuzwa, aalikwe alete unga anaoutumia na ule unaouzwa sokoni, aelezwe uliokutwa na madini na uliokutwa salama, na apewe kitu cha kushika badala yake, kwani mwanamke aliyenyimwa dawa ya chango bila kupewa nyingine atairudia ileile kwa siri. Mashekhe wanaweza kuwaambia watu, na maneno yao yakasikilizwa kuliko ya daktari, kwamba kuacha wanja uliothibitika kuwa ni risasi si kuacha sunna. Na wachungaji wa makanisa ya Wakongo walioko ugenini wana mimbari ambayo idara za afya hazina.

Na wapimwe wasichana kabla ya wote. Risasi iliyojikusanya katika mifupa ya msichana aliyenyweshwa unga ule akiwa na mwaka mmoja haikai kimya milele; atakaposhika mimba, mifupa yake itakapoyeyusha chokaa ili kumjengea mwanawe mifupa yake, risasi hutoka pamoja na chokaa hiyo, ikapita kondoni hadi kwa mtoto aliye tumboni, na baadaye kidogo katika maziwa, hata kama mama mwenyewe hajaigusa dawa hiyo tangu utotoni.